Albamu Zilizotoka Milango Ikiwa Imefungwa

Albamu nyingi zilizotoka kati ya Januari na Juni 2020 zilirekodiwa wakati kumbi za starehe zimejaa watu, zikawafikia wasikilizaji wakati kumbi hizo zimefungwa. Tarehe 11 Machi Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona sasa ni janga la dunia nzima. Siku mbili baadaye Kenya ikathibitisha mgonjwa wake wa kwanza, na tarehe 16 Machi ikafuata Tanzania. Kufikia mwisho wa mwezi huo Nairobi ilikuwa chini ya kafyu kuanzia saa moja jioni, na katika miji mingi ya Ulaya na Marekani watu walikuwa hawatoki ndani isipokuwa kwa shughuli ya lazima.

Kwa biashara ya muziki hilo lilikuwa pigo la aina yake. Msanii wa zama hizi hapati fedha nyingi kwa kuuza albamu. Albamu humfungulia njia ya kwenda jukwaani, na jukwaani ndiko kwenye riziki. Ziara zilipofutwa, lebo nyingi zilisogeza tarehe mbele. Lady Gaga, kwa mfano, aliiondoa albamu yake ya Chromatica tarehe 10 Aprili akaipeleka 29 Mei. Wengine waliona heri nusu shari, wakaachia kazi zao vilevile. Hao ndio walioupa msimu ule sura yake, maana walikutana na msikilizaji ambaye hakuwa na pa kwenda, aliyekuwa na muda wa kukaa na albamu toka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Usikilizaji wa namna hiyo ulikuwa umeanza kusahaulika, na ndio kipimo kilichotumika hapa: albamu iliyochaguliwa ni ile inayosimama kama kazi moja, si gunia la nyimbo lililofungwa kamba juu.

Magazeti na vituo vya redio vya nchi nyingi vina desturi ya kutaja albamu wanazozipenda mwaka unapofika katikati. Desturi hiyo ina manufaa na ina dosari. Tangu Julai 2015 albamu mpya hutolewa siku ya Ijumaa karibu duniani kote, na kila Ijumaa huja na rundo lake, kwa hiyo bila mtu wa kuchambua, kazi nzuri hufukiwa ndani ya wiki moja. Dosari yake ni kwamba albamu ya Januari huwa imeshatafunwa miezi sita, ilhali ya mwishoni mwa Juni bado ni mbichi. Orodha zilizoandikwa Julai 2020 zilikuwa na ubichi huo. Kuirudia miezi ile baada ya muda kupita kunasaidia kuona kipi kilikuwa moto wa mabua na kipi kilikuwa kaa.

Kwa Afrika Mashariki nusu mwaka ile ilikuwa na jambo lake jingine. Albamu kama albamu ilikuwa imepoa. Enzi za kanda, msanii wa Dar es Salaam alipeleka nyimbo zake kwa wasambazaji wa Kariakoo, zikagawanywa upande A na upande B, na mnunuzi alizisikiliza kwa mpangilio huo kwa sababu kurusha wimbo kwenye kanda ni usumbufu. CD ilipokuja na kudurufiwa ovyo, kisha intaneti ikaingia, wasanii wengi wa Bongo Fleva waligeukia wimbo mmoja mmoja wenye video yake YouTube. Diamond Platnumz alipotoa A Boy from Tandale mwaka 2018, wapo vijana waliojiuliza albamu ni ya nini, iwapo nyimbo zake kadhaa walishazisikia. Halafu ndani ya miezi minne tu ya 2020, kati ya Machi na Juni, zikaja kazi tatu nzito kutoka Tanzania na Kenya.

Ya kwanza ni Afro East ya Harmonize. Msanii huyu wa Mtwara alikuwa ameondoka WCB Wasafi, lebo iliyomlea, mwaka 2019, akaanzisha Konde Music Worldwide. Albamu hii ilikuwa hati yake ya kujitegemea. Ilizinduliwa katikati ya Machi, siku chache kabla ya kesi ya kwanza ya korona nchini, kwa hiyo iliwahi shangwe ya ukumbini ambayo wenzake waliofuata hawakuipata. Ina nyimbo 18, na wageni wake wametoka kila upande: Burna Boy wa Nigeria, Khaligraph Jones wa Kenya, na kwa nyumbani Lady Jaydee. Jina lenyewe linataja dhamira, yaani kuipa Afrika Mashariki nafasi yake mezani pamoja na Lagos na Accra.

Dhamira hiyo ndiyo nguvu ya albamu na ndiyo udhaifu wake. Harmonize ana sauti inayobadilika kwa urahisi. Akiimba na Mnigeria hujikunja Kinaijeria, akirudi nyumbani hurudi na mwambao wake. Lakini nyimbo 18 ni nyingi, na katikati ya albamu msikilizaji hupoteza mwelekeo, hajui yuko kwa mwenyeji au kwa mgeni. Nyimbo zinazodumu ni zile ambazo mwenyeji hakuwapisha wageni kiti. Hata hivyo Afro East ilikuwa ushahidi kwamba msanii wa Bongo anaweza kutoka chini ya kivuli cha lebo kubwa na bado akaandaa kazi ya ukubwa huo, na kwa hilo peke yake inastahili kutajwa.

Mwezi uliofuata WCB walimtambulisha binti mmoja kutoka Zanzibar, Zuhura Othman, kwa jina la Zuchu. Kazi yake ya kwanza, I Am Zuchu, ni EP ya nyimbo saba, na wapo wasemao EP isihesabiwe kwenye orodha za albamu. Hoja hiyo ina mantiki kwenye karatasi, lakini masikioni haina nguvu, kwani nyimbo saba zilizopangwa vizuri hushinda 18 zilizorundikwa. Hapa kila wimbo una kazi yake. "Hakuna Kulala" ni wa kuchezeka, "Nisamehe" ni wa kujishusha, na "Ashua" unamleta Mbosso kama mwenza wa majibizano ya kimahaba. "Wana", wimbo uliomtangulia mtaani, unawalenga wenye kijicho na wanaopekua mapenzi ya watu.

Hapo ndipo asili inapojitokeza. Mama yake Zuchu ni Khadija Kopa, mwimbaji wa taarabu aliyetoka Culture Musical Club ya Zanzibar akaja kuvuma Bara na Tanzania One Theatre (TOT), katika miaka ya 1990 ambapo ushindani wa TOT na kundi la Muungano ulikuwa gumzo la mji. Malkia huyo wa mipasho ameingia kwenye wimbo "Mauzauza", na hapo inafaa kusikiliza kwa makini. Khadija Kopa anaimba kwa sauti nzito ya kifuani, anaivuta silabi ya mwisho mpaka ijibu yenyewe, kama aliyezoea kusubiri watu wainuke kwenda kutuza. Binti ana sauti nyembamba, anaingia mapema kwenye mdundo na kutoka mapema, kama aliyelelewa na kipaza sauti cha studio. Biti chini yao ni ya kisasa kabisa, lakini mama haifuati, anaiacha imfuate. Wachache kati ya waliokuwa wamejaribu kuunganisha taarabu na Bongo Fleva walifika hapo bila kuonekana wamebandika kiraka.

Kazi bora ya ukanda huu katika miezi ile sita, hata hivyo, ilitoka Nairobi. Sauti Sol waliachia Midnight Train Ijumaa ya tarehe 5 Juni kupitia Universal Music Africa. Ilikuwa albamu yao ya tano baada ya Mwanzo, Sol Filosofia, Live and Die in Afrika na Afrikan Sauce. Hiyo ya nne ilikuwa albamu ya kolabo, karibu kila wimbo na mgeni kutoka nchi nyingine, na ingawa ilikuwa na vibao, sauti za wenyewe zilipungua ndani yake. Kwenye Midnight Train wageni wapo, lakini wameitwa kwa haja maalumu. Soweto Gospel Choir wako kwenye "Brighter Days" kwa sababu wimbo ule unahitaji kwaya ya kweli, na India.Arie yuko kwenye "My Everything" kwa sababu sauti yake na ya kundi hilo zina undugu wa muda mrefu katika muziki wa soul.

Msingi wa albamu ni uimbaji wa sauti zinazopandiana, ambao Bien, Chimano na Savara waliujenga tangu enzi zao za kuimba bila ala, pamoja na gitaa la Polycarp. "Suzanna" unatumia vyote viwili. Gitaa lake lina mwendo wa nyimbo ambazo redio za Afrika Mashariki huziita zilizopendwa, na hadithi yake ni ya mwanamume anayemkumbuka mwanamke aliyebadilika. Mtu wa miaka 60 na kijana wa miaka 20 wanaweza kuusikiliza pamoja bila mmoja kumwomba mwenzake abadilishe. "Rhumba Japani" unarudi kwenye rumba na kuwapokezanisha vijana ambao kundi hilo lilikuwa likiwalea, akina Bensoul na Nviiri, kila mmoja na ubeti wake, kana kwamba ni kijiweni.

Wimbo wenye ujasiri zaidi ni "Disco Matanga". Magharibi mwa Kenya, hasa kwa Waluhya, disco matanga ni dansi la usiku katika nyumba ya msiba. Watu hucheza hadi alfajiri, fedha huchangwa, na mamlaka zimelipiga marufuku mara kwa mara bila mafanikio makubwa. Kuuchukua mkesha huo na kuufanya wimbo wa klabu ni jambo ambalo lingeweza kuharibika vibaya. Sauti Sol walilikwepa shimo hilo kwa kuwaita Waafrika Kusini wawapangie mdundo: Black Motion kwa ngoma, na Sho Madjozi kwa mashairi. Sho Madjozi aliishi Tanzania akiwa mdogo na anakimudu Kiswahili, ndiyo maana haonekani mgeni. Wimbo ukatoka mwezi ambao mazishi ya Kenya yalikuwa yamewekewa ukomo wa idadi ya waombolezaji. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, lakini dansi la matanga lilisikilizwa kwenye simu na watu ambao hawakuruhusiwa kwenda matangani.

Janga hilo halikuwaacha wanamuziki wenyewe. Manu Dibango wa Kamerun, mwenye saksofoni iliyowachezesha watu tangu "Soul Makossa", alifariki Ufaransa tarehe 24 Machi kwa korona. Siku nne kabla ya hapo ilikuwa imetoka albamu nyingine ya wazee wa Afrika, Rejoice ya Tony Allen na Hugh Masekela, iliyotolewa na lebo ya World Circuit. Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, alikuwa amefariki Januari 2018. Yeye na Allen, mpiga dramu aliyeujenga mdundo wa Afrobeat pamoja na Fela Kuti, walifahamiana tangu miaka ya 1970 na waliahidiana kurekodi pamoja. Waliingia studio London mwaka 2010, wakapiga, kisha kanda zikakaa kabatini bila kukamilishwa. Baada ya kifo cha Masekela, Allen na prodyuza Nick Gold walizifungua tena, na mwaka 2019 vijana wa jazi wa London, akiwemo Joe Armon-Jones wa Ezra Collective, wakaongeza kinanda na besi.

Matokeo ni nyimbo nane zisizo na haraka. Dramu za Allen hazipigi kwa nguvu. Zinazungumza kwa sauti ya chini, mkono mmoja ukianzisha jambo na mguu ukilijibu, na kati yao kuna nafasi ambayo mpiga dramu mwingine angeijaza kwa kelele. Masekela anapuliza vifungu vifupi, ananyamaza, anarudi. Kwenye wimbo wa kumkumbuka Fela anaimba kwamba Lagos bila mtu huyo haitakuwa tena ilivyokuwa, na wasikilizaji wa Machi 2020 waliusikia kama wimbo wa miji yote. Tarehe 30 Aprili, wiki sita baada ya albamu kutoka, Allen naye akafariki Paris akiwa na miaka 79.

Kwa upande wa Marekani hakuna albamu iliyojadiliwa zaidi ya Fetch the Bolt Cutters ya Fiona Apple, iliyotoka 17 Aprili. Ilivunja kimya cha miaka minane tangu albamu yake iliyotangulia. Lebo ilipendekeza isubiri hadi Oktoba, akakataa, kwa hoja kwamba watu waliofungiwa wanaihitaji sasa. Aliirekodi kwa sehemu kubwa nyumbani kwake Venice Beach, Los Angeles, na nyumba yenyewe ikawa ala. Kuta ziligongwa, sakafu ikakanyagwa kwa mdundo, na mifupa ya mbwa wake aliyekufa zamani ikawekwa kwenye kisanduku na kutikiswa kama kayamba. Mwisho wa wimbo uliobeba jina la albamu mbwa wanabweka, na hakuna aliyewafuta. Mbwa hao wametajwa kwenye orodha ya walioshiriki.

Kwa sikio lililozoea usafi wa studio kubwa, albamu hii huchosha mwanzoni. Kinanda kinaanza vizuri, kisha sauti inapasuka, mdundo unapinda, kiitikio kinarudiwa mara nyingi kupita kawaida. Lakini mtu wa mwambao ana njia ya mkato ya kuielewa: ni mipasho, kwa maana ya mwanamke anayesema aliyoyameza miaka mingi, akiwalenga wahusika bila kuwaomba radhi. Jarida la Pitchfork liliipa kumi kwa kumi, alama ambayo halikuwa limeipa albamu mpya tangu ya Kanye West ya mwaka 2010. Mwaka uliofuata ikapata Grammy ya albamu bora ya muziki mbadala.

Muziki wa pop ulikuwa na zake mbili zisizoepukika. After Hours ya The Weeknd, ya tarehe 20 Machi, ina nyimbo 14 zilizopangwa kama usiku mmoja wa mtu anayejiharibu mwenyewe jijini, na katikati yake umo "Blinding Lights", wimbo ambao Billboard baadaye iliutangaza kuwa mkubwa kuliko yote katika historia ya chati yake ya Hot 100. The Weeknd, jina halisi Abel Tesfaye, alizaliwa Toronto kwa wazazi wa Kiethiopia na lugha yake ya kwanza ni Kiamhari, na ule mtetemo wa sauti mwishoni mwa vifungu vyake mwenyewe huuhusisha na muziki wa nyumbani kwao. Wiki moja baadaye Dua Lipa aliachia Future Nostalgia, iliyowahishwa kwa wiki nzima baada ya kuvuja mtandaoni. Ni albamu ya disko, dakika zisizofika 40, haina wimbo wa kupitisha muda hadi karibu na mwisho, ambako inalegea kidogo. Ilitengenezwa kwa ajili ya sakafu ya klabu, watu wakaicheza jikoni.

Juni ilikuja na mambo mengine. George Floyd aliuawa na polisi Minneapolis tarehe 25 Mei, na maandamano yakajaa miji ya Marekani. Run the Jewels, yaani Killer Mike wa Atlanta na El-P wa New York, walikuwa wamepanga kutoa RTJ4 Ijumaa ya tarehe 5. Wakaiachia siku mbili mapema, na anayetaka akaipakua bure. Katika "Walking in the Snow" Killer Mike anazungumzia mtu anayekabwa na polisi huku akilalamika kwamba hawezi kupumua. Ubeti huo ulirekodiwa miezi kadhaa kabla ya kifo cha Floyd na ulikuwa na Eric Garner akilini, aliyekufa New York mwaka 2014. Waliousikia walidhani umeandikwa wiki ileile.

Bob Dylan, aliyekuwa ametimiza miaka 79 mwezi Mei, alitoa Rough and Rowdy Ways tarehe 19 Juni, albamu yake ya kwanza ya tungo mpya tangu 2012. Kitangulizi chake kilikuwa wimbo wa karibu dakika 17 kuhusu mauaji ya Rais Kennedy, aliouachia Machi bila kutoa taarifa yoyote mapema. Sauti imechakaa, haipandi tena, ila kila neno linasikika, na bendi imeambiwa ikae mbali. Kwa asiyekifuata Kiingereza vizuri, hii ni albamu ngumu, kwani utamu wake wote uko kwenye maneno.

Mwezi huohuo wa Juni, kutoka Afrika Kusini, ilitoka kazi ambayo orodha nyingi za Ulaya na Marekani ziliiruka: I Am the King of Amapiano: Sweet & Dust ya Kabza De Small. Ni ndefu kupita kiasi, nyimbo 27, na kwa kipimo cha kazi moja isingepita mlangoni. Lakini urefu wake una sababu, kwani muziki wa amapiano hujengwa polepole. Kinanda laini hutangulia, shaka za mchanga hufuata, na besi ya kugongwa huchelewa makusudi mpaka mchezaji aitamani. "Sponono" uliwaleta Burna Boy, Wizkid na Cassper Nyovest kwenye mdundo huo mmoja, miezi kabla ya Lagos kuukumbatia wazi. Dar es Salaam haikukawia. Mwaka 2021 Marioo alitoka na "Mama Amina" pamoja na Sho Madjozi na Bontle Smith, na tangu hapo besi ile ya Gauteng ikawa inasikika kwenye nyimbo za Bongo Fleva kila baada ya wiki chache, ikiimbwa kwa Kiswahili na kuchezwa kwenye harusi.